Umetuletea Nini?

Anayerudi Maneromango, kijiji cha Uzaramo wilayani Kisarawe, kutoka ng'ambo, awe ametokea Muscat, Guangzhou au London, hupokewa kwa mambo matatu, na mpangilio wake haubadiliki. Kwanza ni pole ya safari. Pili ni habari za huko. La tatu watu wazima hulimeza, wakawaachia watoto na mabibi, ambao hakuna anayewadai kuficha yaliyo moyoni: "Umetuletea nini?"

Swali hilo lina maneno mawili, na la kwanza limebeba karibu kila kitu. Ndani ya umetuletea yumo aliyesafiri, tumo sisi tuliobaki, na imo ile irabu moja iliyoingizwa kwenye leta ikawa letea. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendea. Kazi yake ni kumwingiza ndani ya kitenzi mtu ambaye jambo limefanywa kwa ajili yake. Ukisema "nimeleta" ukanyamaza, tutakuelewa. Ukisema "nimeletea", sikio linabaki limesimama: umemletea nani? Ndivyo zilivyo nunua na nunulia, chagua na chagulia, beba na bebea. Begi la msafiri wa huku kwetu hufungwa kwa vitenzi vya kundi la pili.

Hapo ndipo istilahi ya utalii inapokwama. Wafaransa wana neno souvenir, na mataifa mengi yamelichukua kwao. Asili yake ni kitenzi cha kukumbuka. Anayekumbuka ni msafiri, na kinachokumbukwa ni mahali alipopita. Mtu anakwenda Paris, ananunua mnara wa Eiffel wenye urefu wa kidole, anauweka kabatini kwake, na kila akiutazama anarudi Paris kwa dakika moja. Kitenzi chake ni nunua, bila kiambishi cha mtu yeyote mwingine. Sisi tumelitafsiri neno hilo kwa njia mbili. Wenye kamusi wametupa ukumbusho na kumbukumbu, wenye maduka wameandika zawadi kwenye vibao vyao, na msomaji ameachwa aamini kuwa ni kitu kimoja. Nadhani si kitu kimoja, na tofauti yake inaonekana vizuri zaidi ukiwa umekaa mkekani Maneromango kuliko ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Tuanze na zawadi yenyewe, maana historia yake ina kichekesho. Neno limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa zād, yaani chakula cha njiani. Kurani yenyewe, katika aya ya 197 ya Sura ya Al-Baqara, inapozungumzia hija inawahimiza mahujaji wachukue masurufu, na kuongeza kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Mzizi uliotumika pale ndio huo. Kwa hiyo katika asili yake zawadi ni mali ya anayeondoka. Ndicho kifurushi anachofungiwa mtu asubuhi ya safari ili njaa isimshike kabla hajafika. Kiswahili kimelichukua neno hilo likielekea huko, kikaligeuza uso likawa linarudi nyumbani.

Geuzo hilo halikuifuta maana ya kwanza. Mpaka leo hakuna anayeondoka Maneromango mikono mitupu. Kijana anayekwenda Dar es Salaam kupanda ndege atabebeshwa korosho zilizobanguliwa nyumbani, unga wa muhogo, na machungwa au mananasi ya kumalizia mjini kwa shangazi. Korosho zikivuka bahari zikamfikia mpwa aliyeko Ulaya, zinapokewa kwa jina lile lile la zawadi. Neno linakwenda na kurudi kwa barabara moja, ile inayotoka Kisarawe mjini kuelekea kusini-magharibi, kama vile kondakta wa basi la asubuhi. Siku hizi mizigo hiyo inabebwa kwa vikapu na mifuko mbadala. Mfuko wa plastiki, ule tuliouita Rambo na uliobeba mikate na sukari za vizazi viwili, umepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019.

Pembeni mwa zawadi kuna ndugu zake, na kila mmoja ana mahali pake. Tunu ni kitu adimu, ambacho thamani yake ni kutopatikana. Hidaya ina adabu ndani yake. Hutolewa kwa utaratibu, mara nyingi kwa mtu unayemheshimu. Hiba ni neno la sheria ya Kiislamu: mali anayoitoa mtu angali hai, mpokeaji akaikubali na akakabidhiwa, tofauti na wasia unaosubiri kifo. Wanaoahidi kwa simu wangefaa kulijua sharti hilo la kukabidhi. Mjomba anayesema "saa yako nimeshakununulia, imebaki Dubai" bado hajatoa kitu. Na ipo tuzo, iliyozaliwa na kitenzi tuza. Leo tuzo hutangazwa ukumbini kwa hotuba na picha, lakini katika Uzaramo kutuza kulikuwa na kungali ni kazi ya mkono. Mwali anapotolewa nje, akabebwa mabegani ngoma ikilia, ndugu humsogelea mmoja mmoja wakamtuza fedha mbele ya watu. Tuzo kwa asili yake inataka mashahidi. Zawadi ya safari haiwataki: kwa adabu za pwani unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaiweka kando, na kuifungua ni baadaye wageni wakishaondoka. Mtoaji naye huiteremsha kwa ulimi, "kijizawadi tu, si kitu", hata kama mkoba wake umebaki mtupu.

Ukitaka kujua maneno hayo yanapendwa kiasi gani, sikiliza majina ya watu. Pwani nzima ina akina Zawadi, Tunu na Hidaya. Sijawahi kusikia mtoto aliyeitwa Hongo.

Na hongo, msomaji, ni neno la msafiri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na vijiji vya jirani kwenda bara ilipita Uzaramo, katika bonde la mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu, upande wa kaskazini wa Maneromango na karibu na Kibaha ya sasa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Speke aliporudi na mwenzake Grant mwaka 1860, habari zake za Uzaramo zilijaa majadiliano ya hongo: mkuu wa eneo anatuma watu, msafara unasimama, vitambaa vinahesabiwa, vinaonekana havitoshi, vinaongezwa, njia inafunguliwa. Wasafiri wa Ulaya waliyaandika hayo kwa hasira, wakiona wamenyang'anywa. Kwa mwenye nchi mambo yalikuwa tofauti. Mgeni anakunywa maji ya watu, anapita mashambani mwao na analala chini ya ulinzi wao, na hongo ilikuwa njia yake ya kukiri kwamba ardhi ile ina wenyewe. Haikuwa siri, na wala hakuna aliyeipokea chini ya meza.

Vipimo vya hongo vilikuwa vya nguo: shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Nguo zenyewe zilikuwa kaniki ya rangi ya buluu iliyokoza na merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Mzigo uliofungwa wa nguo hizo, uliokaa kwenye bega la mpagazi, uliitwa mtumba. Tazama sasa maneno hayo yameishia wapi. Doti imebaki kwenye kanga, na mama akiletewa doti moja kutoka safari anajua ni vipande viwili. Mtumba umekuwa nguo iliyokwishavaliwa Ulaya au Marekani. Hongo imeporomoka kabisa, ikawa jina la kosa la jinai.

Takrima ilifuata nyuma yake. Ni neno la ukarimu, lenye harufu ya kahawa na halua. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikairuhusu takrima ya mgombea kwa wapiga kura, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuona vinakwenda kinyume na Katiba. Majaji waliufuta mwanya, lakini neno lilikuwa limekwishachafuka. Ukimkaribisha mtu leo ukaita chakula chako takrima, atakutazama mara mbili. Maneno yote ya kupeana yanaishi kwenye mteremko huo. Likishaanza kumtumikia anayetaka kitu kutoka kwa mpokeaji, neno halikawii kufika chini. Zawadi haijateremka mpaka leo, na sababu moja ni kwamba bado kazi yake kubwa ni kuwahudumia watu wasioombwa chochote: bibi, mtoto, jirani, mgonjwa.

Rudi sasa kwenye begi. Mashirika mengi ya ndege yamezoea kipimo cha kilo 23 kwa begi moja, na ndani ya kilo hizo mna vitu vya majina matatu ambavyo macho hayawezi kuvitofautisha. Kuna zawadi. Kuna agizo: binamu alituma fedha, au aliahidi kuzituma, ili aletewe simu au kipuri cha pikipiki. Na kuna mzigo: kifurushi cha mtu mwingine, ambacho Mtanzania wa kule amekuomba umpelekee mama yake huku. Anayefungua begi mbele ya watu bila kupambanua majina hayo anatafuta balaa. Simu ya agizo ikionekana, kila mtu atadhani ni zawadi, na mwenye nayo ataitwa mpendwa wa pekee kwa kitu alichokilipia mwenyewe. Ndiyo maana wasafiri wazoefu hufungua begi mara mbili, kwanza chumbani kisha ukumbini.

Kwa mgao wenyewe Maneromango ina sarufi yake. Wazaramo kwa asili ni watu wa ukoo wa mama, na mjomba ni mtu mzito katika ukoo wa namna hiyo. Unaweza kumsahau rafiki uliyesoma naye, mjomba humsahau. Mabibi hupata kitu cha kuvaa au cha kujifunika. Watoto hupata kitu cha kula, maana chakula hugawika na mdoli haugawiki. Jirani hupata kidogo, ilimradi kipite mlangoni kwake. Wanyamwezi na Wasukuma waliohamia kijijini, ambao ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara, watadai sehemu yao kwa kelele, na ni haki yao kudai. Yote haya hayaandikwi popote, lakini ukikosea utasikia.

Safari ya ng'ambo iliyo na kawaida thabiti kuliko zote huku kwetu ni hija, pamoja na umra. Anayerudi Makka haulizwi ameleta nini, kwa kuwa jibu linajulikana: maji ya zamzam kwenye galoni la lita 5, tende, tasbihi, miswala, mafuta ya manukato, kofia. Katika yote hayo, maji ndiyo yanayofundisha. Lita 5 hazimtoshi mtu mmoja kwa siku mbili za joto, lakini zikimiminwa kwenye vikombe vya kahawa zinakifikia kijiji. Jina lake si zawadi hasa. Wazee huyaita tabaruku, kitu kinachopokelewa kwa kutafuta baraka. Tabaruku haipungui kwa kugawanywa. Anayepata tone na anayepata kikombe wamepata kitu kilekile, na hakuna anayelinganisha. Ni neno pekee katika orodha hii lililoshinda tatizo la uzito wa begi.

Tunu, kwa upande wake, imepata pigo. Zamani kitu cha ng'ambo kilikuwa tunu kwa sababu hakikuwepo. Leo fulana iliyonunuliwa London imeshonwa Asia, na nyingine kama hiyo inaning'inia Kariakoo kwa bei nafuu. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou na Dubai wamezileta bidhaa za huko hadi kwenye vibanda vya Kisarawe. Msafiri anayehangaika kutafuta kitu kisichopatikana nyumbani anashindana na makontena. Hapo mtu angetegemea desturi ya kuleteana ife. Haikufa. Mama anapokea doti ya kanga ambayo angeweza kuinunua mwenyewe Jumamosi ijayo, anaikunjua, anaisoma jina, na anasema sentensi ambayo nimeisikia katika kila nyumba niliyowahi kukaa msafiri arudipo: "Ahsante mwanangu, umenikumbuka."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta. Kukumbuka kupo kwetu pia, sawasawa na kwa Wafaransa, lakini kumeelekea upande mwingine. Souvenir inasema: nikiwa nyumbani, nitaikumbuka Paris. Zawadi inasema: nilipokuwa Paris, nilikukumbuka wewe. Kitu chenyewe ni ushahidi wa tendo lililokwishafanyika kule mbali, dakika ile msafiri aliposimama mbele ya rafu akataja jina la mtu kimoyomoyo. Ndiyo sababu uhaba wa kitu si muhimu tena, na ndiyo sababu zawadi iliyonunuliwa Kariakoo jioni ya kurudi, ikafutwa bei, ikigundulika inauma. Kilichokosekana si ubora. Kilichokosekana ni ile dakika.

Hatuko peke yetu. Wajapani wana omiyage, vitu vinavyoletwa kwa walioachwa nyumbani na kazini, na herufi zake zinasomeka kama zao la mahali. Wafilipino wana pasalubong, lililojengwa kwenye kitenzi cha kwenda kumlaki mtu. Waarabu wa Ghuba, ambao ndugu zetu wa Muscat wanaishi nao, huita zawadi ya msafiri sogha, neno tofauti na hadiya ya kila siku. Lugha hizo tatu zimeona kwamba kitu anachorudi nacho msafiri kinastahili jina lake. Kiswahili hakikuunda nomino mpya. Kilitegemea kiambishi cha mtendewa ndani ya letea, na kikaona kinatosha.

Je, ukumbusho wa upande wa pili, wa mgeni anayekuja kwetu, unaitwaje? Hapa Uzaramo ina mfano mzito. Mwana hiti ni kigogo kidogo cha mti kilichochongwa kichwa na kifua, bila mikono wala miguu. Mwali alipowekwa ndani alipewa, akakitunza kama mtoto, akakiosha na kukipaka mafuta, na katika familia nyingi kilipita kwa wanawake wa kizazi kimoja kwenda kingine. Tangu enzi za Wajerumani, walioweka pia misheni ya Kilutheri Maneromango katika miaka ya 1890, vitu vya namna hiyo vimekuwa vikisafiri kwenda Ulaya, na leo viko katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji. Nakala zake huuzwa Dar es Salaam pamoja na vinyago vya Kimakonde. Kwa bibi aliyekabidhiwa na mama yake, kilikuwa amana. Kwa anayekinunua kwa ajili ya kabati lake, ni ukumbusho. Kumwambia mnunuzi huyo kwamba ameingia "duka la zawadi" ni kumsingizia mpokeaji asiyekuwepo.

Sisemi hivyo kwa kudharau biashara. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa kwenye vibao vya mraba mjini Dar es Salaam, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Kutokana na vibao hivyo imezaliwa shule nzima ya uchoraji inayobeba jina lake. Ukumbusho unaweza kuwa sanaa ya hali ya juu, na unalisha nyumba nyingi. Unastahili kuitwa kwa jina lake.

Pendekezo langu kwa wanaoandika vibao na kamusi ni dogo. Ukumbusho uwe kitu anachojinunulia msafiri ili mahali pasimtoke. Zawadi ya safari iwe kitu anachomnunulia mwenzake. Agizo libaki agizo, na lilipwe. Duka lililoko uwanja wa ndege linaweza kuwa na maneno mawili mlangoni, maana milango yake inapitwa na watu wa aina mbili.

Na kwa msafiri ambaye amesimama Deira ya Dubai au Muttrah ya Muscat, saa ya ndege inakaribia na hajui anunue nini, istilahi inaweza kumsaidia kuliko muuzaji. Asiulize "hapa kuna nini?" Hilo ni swali la ukumbusho. Achukue karatasi aandike majina: mjomba, bibi, shangazi, jirani wa mlango wa pili, mtoto aliyezaliwa akiwa hayupo. Vitu vitajipanga nyuma ya majina, vingine vya bei ya kikombe cha chai. Kutoa ni moyo, si utajiri, na methali hiyo nayo inamtaka mtu ajue anamtolea nani. Kamusi yetu ijayo, ikifika kwenye neno hili, isitosheke kusema kwamba ni kitu cha kukumbukia safari. Iseme nani anamkumbuka nani.